Kamusi ya Mfukoni ya Shangazi Gunnvör

Ilikuwa ndogo, ilitosha mfuko wa aproni,
jalada la bluu, harufu ya samaki na sabuni.
Aliyeichapa alibania karatasi:
kila neno la Kiingereza akalipa maana moja,
kama mgawo wa sukari wakati wa vita.

Shangazi alikata minofu ya chewa kiwandani
kule Þingeyri, penye milima iliyosawazishwa vilele kama kwa rula.
Wilf alikuwa mpishi wa meli kutoka Hull.
Walimshusha na jino lililooza.
Siku nne alikunywa supu jikoni kwa shangazi,
wakaelewana kwa vidole, na kwa kucheka.

Barua ya kwanza ilifika Oktoba.
Ulikuwa kind kwangu, aliandika.
Shangazi hakugusa hata kamusi.
Kwetu kind ni kondoo,
yule yule wa sufu, apandaye majabali Juni
akarudi Septemba amenenepa.
"Ameniita kondoo," akamwambia mama,
akajitazama kiooni, akageuka ubavu,
kisha akacheka hadi akashika meza:
mgeni, hajui hata kuomba chumvi,
amepata wapi sifa kubwa namna hii?

Ya pili ilikuwa mstari mmoja.
Nitakuja spring.

Hapo kamusi ikafunguliwa, katikati ya unga wa mkate.
Mimi, niliyesomea maneno na ninayelipwa kwa maneno,
ningemwambia: ngoja, shangazi, nyumba hii ina milango mitatu.
Kuna vor, theluji ikilegea na kondoo wakizaa.
Kuna gormur, springi, ile inayolalamika chini ya godoro.
Kuna lind, chemchemi,
maji yanayotokeza yenyewe bila kuitwa.
Mchapaji alichagua lind.
Mchapaji alikuwa na nafasi ya neno moja,
na mimi sikuwa nimezaliwa.

Basi akapanda.
Kila Jumapili, hadi chemchemi iliyo juu ya zizi,
na chupa ya kahawa, na soksi mbili mbili,
akakaa.
Novemba akakaa, upepo ukimng'ata masikio.
Januari akapasua barafu kwa kisigino
ili maji yaonekane,
mtu asije akapita asijue kuwa ni hapa.

Jumapili moja ya Mei Wilf akateremka gatini
na suti ya kuazima na kopo la majani ya chai.
Akabisha. Akabisha tena.
Jikoni kaa la mwisho lilikuwa linazima.
Juu kule shangazi alikuwa anamsubiri yeye.

Alikuta kopo kizingitini, na karatasi:
Left at six. What is left is yours.
Maneno manane, mawili kati yake ni left.
Kamusi ikasema: vinstri. Kushoto.
Akakimbia na viatu vyenye tope,
akafika gatini, akakata kushoto
hadi pale zege linapoishia na nyavu kuukuu.
Kulia kwake, mbali,
moshi wa meli ulikuwa bado haujapotea.

Miaka thelathini nafasiri mikataba, dawa, mashine za kufulia,
na neno hilo bado linanikwamisha.
Sisi tunahitaji mawili: fór kwa aliyekwenda,
eftir kwa kilichobaki.
Waingereza huondoka na kubaki kwa pumzi moja.
Sijui kama ni umaskini au ni ujanja.

Kamusi sasa ni yangu. Kwenye herufi S,
kando ya lind, penseli imekandamizwa
karibu itoboe karatasi: vor.
Kando ya left hakuandika kitu.

Na Jumapili alipanda vile vile, hadi magoti yakakataa.
Nilimuuliza mara moja, nikiwa mtoto, anafuata nini kule.
Akanimiminia chai.
"Maji ya kule," akasema, "ni mazuri."